Stara ya Shaka: Kifo cha Kijana na Marafiki Waliobaki

Katika misiba ya Waswahili, popote walipo, maswali huja kwa utaratibu wake. Kwanza huulizwa ni nani aliyefariki, kisha maziko ni saa ngapi, kisha, kwa sauti ya chini zaidi, alikuwa na nini. Marehemu akiwa mzee, swali hilo la tatu hujibiwa kwa neno moja na watu wakaendelea kutandika majamvi. Akiwa kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba, aliyekufa ghafla, peke yake, barabarani au majini, swali la tatu hupindishwa. Anayejua kidogo hunyamaza. Asiyejua kitu husema ni amri ya Mungu, na mazungumzo yakafungwa. Ukimya huo una historia ndefu kuliko msiba wowote mmoja. Umepita katika mahakama, makanisa na vitabu vya fiqhi kabla ya kufika barazani.

Riwaya imekuwa mahali pa kuuvunja ukimya huo bila kumvunjia heshima maiti yeyote wa kweli. Miongoni mwa riwaya zilizolifanya jambo hilo kwa ukali wa kipekee ni Looking for Alaska ya Mmarekani John Green, iliyotoka mwaka 2005 na kupata tuzo ya Michael L. Printz mwaka uliofuata. Humo msichana wa shule ya bweni anaondoka usiku wa manane akiwa amelewa na kulia, gari lake linagonga gari la polisi lililosimama barabarani, naye anafariki papo hapo. Je, ilikuwa ajali, au alikusudia? Kitabu kinaisha bila jibu. Rafiki zake wanatumia nusu nzima ya hadithi kulitafuta, na utafutaji huo unakaribia kuwaharibu.

Ili kufahamu kwa nini kukosa jibu kunawaumiza hivyo, hapana budi kurejea nyuma, kwa sababu shaka juu ya kifo haikuwa mateso siku zote. Kwa karne nyingi shaka ilikuwa stara. Ndiyo iliyompatia maiti kaburi la heshima, ikawapatia jamaa zake urithi na uso wa kutazamia watu.

Mwanzo mzuri ni Uingereza ya zama za Shakespeare. Sheria ya huko ilimhesabu mtu aliyejiua kwa akili timamu kuwa mhalifu aliyejitendea uhalifu nafsini mwake, na kwa Kilatini cha mahakama aliitwa felo de se. Mali yake ya kuhamishika ilitwaliwa na Taji, na mwili wake ulizikwa usiku katika njia panda, mara nyingi ukiwa umechomwa mti, bila sala ya kasisi. Mwaka 1554 jaji mmoja, Sir James Hales, alijitosa mtoni akafa. Kesi ya mali yake, maarufu kwa jina la Hales dhidi ya Petit, ilifika mahakamani miaka ya 1560, na mawakili wakabishana kwa uzito wote kuhusu wakati hasa kosa lilipotendeka: alipokuwa hai akiamua, au alipokuwa amekwisha kufa. Wachambuzi wengi wa Hamlet huamini kwamba mabishano hayo ndiyo yanayokejeliwa na wachimba kaburi wanapojadili maziko ya Ophelia.

Ophelia ndiye mama wa vijana wote wa riwaya waliokufa vifo vya utata. Malkia anasimulia kwamba tawi lilikatika naye akaangukia majini, nguo zikamwelesha kwa muda kabla ya kuzama. Hiyo ni ajali. Wachimba kaburi wanaamini kwamba alijitakia, na kwamba asingekuwa wa ukoo mkubwa asingezikwa katika ardhi iliyobarikiwa. Kasisi anakiri kwamba kifo chake kina shaka, na kwa sababu hiyo anampa sehemu ya ibada na kumnyima sehemu. Kaka yake anakasirika kaburini. Katika tukio hilo moja yamo yote yatakayorudiwa na waandishi wa baadaye: simulizi mbili zisizopatana, taasisi inayopima heshima ya maiti kwa ratili, na jamaa anayeona kipimo hicho kuwa tusi.

Hata hivyo, majirani walioketi katika jopo la kuchunguza vifo walikuwa na huruma kuliko sheria yao. Kadiri karne ya 18 ilivyosonga mbele, majopo hayo yalizidi kuamua kwamba aliyejiua hakuwa na akili timamu alipotenda, na uamuzi huo uliondoa kosa, ukaokoa mali na kumrudisha maiti makaburini. Pale ushahidi ulipokuwa hafifu waliandika tu kwamba amekutwa amekufa maji. Watu hao hawakuwa wajinga, na pengine wengi wao walijua ukweli vizuri. Walichagua kuacha mlango wa shaka wazi ili mjane na watoto wapite. Sheria iliwafuata polepole: maziko ya njia panda yalifutwa mwaka 1823, utwaaji wa mali mwaka 1870, na kujiua kwenyewe kukaacha kuwa jinai nchini Uingereza na Wales mwaka 1961.

Kanisa Katoliki lilipita njia iliyofanana na hiyo. Kanuni zake za mwaka 1917 zilimnyima maziko ya kikanisa mtu aliyejiua kwa makusudi, lakini ziliongeza kwamba ikiwa kuna shaka na shaka hiyo haiondoki, azikwe kikanisa, ila kwa namna isiyoleta kashfa. Kanuni mpya za mwaka 1983 ziliacha kabisa kumtaja mtu huyo miongoni mwa wanaonyimwa. Katika Uislamu, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) hakumswalia mwenyewe mtu aliyejiua, wanazuoni walio wengi wakafahamu kwamba lile lilikuwa onyo kwa walio hai, na kwamba Waislamu wengine wamswalie, kwa kuwa dhambi hiyo haimtoi mtu katika dini. Juu ya hayo ipo kanuni ya fiqhi inayofundishwa hadi leo: yakini haiondolewi na shaka. Yakini ni kwamba marehemu aliishi akiwa Mwislamu. Shaka kuhusu dakika yake ya mwisho haina nguvu ya kuufuta uhai huo.

Afrika Mashariki ilirithi upande mkali wa historia hii pamoja na kanuni za adhabu za kikoloni, ambazo zilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilibaki hivyo zaidi ya nusu karne baada ya Uingereza yenyewe kuiacha sheria ya namna hiyo, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Familia iliyosema kwamba kijana wao aliteleza, au kwamba alikosea dawa, ilikuwa ikimkinga na aibu ya mtaa, na wakati huohuo na mkono wa sheria.

Riwaya ya karne ya 20 iliichukua shaka hiyo ikaigeuza. Mfano ulio wazi ni A Separate Peace ya John Knowles, iliyochapishwa kwanza London mwaka 1959. Mandhari yake ni shule ya bweni ya wavulana huko New Hampshire, majira ya joto ya mwaka 1942, wakati wenzao wakubwa wanaandikishwa vitani. Gene na Phineas, ambaye rafiki zake humwita Finny, ni marafiki wasioachana. Siku moja wako juu ya mti unaoinamia mto, tawi linatikisika, Finny anaanguka na kuvunjika mguu. Gene ndiye aliyelitikisa. Swali ni kama magoti yake yalikunjika yenyewe au aliyakunja, na Gene, ambaye ndiye msimulizi, hana jibu linalomtosha hata anaporudi shuleni hapo baada ya miaka kumi na mitano.

Finny mwenyewe hataki kujua. Gene anapojaribu kukiri, anamkatiza. Urafiki wao unaendelea juu ya shaka kama nyumba iliyojengwa juu ya mchanga ulioshikamana. Wanaoubomoa ni wenzao. Kijana mmoja mpenda utaratibu anaitisha mahakama ya usiku, anawaweka wote wawili mbele ya wenzao waliovaa joho, anamleta shahidi. Finny anaondoka katikati ya ushahidi kwa hasira, anaanguka katika ngazi za marumaru, mguu unavunjika tena, naye anakufa wakati wa kurekebishwa mfupa. Mahakama haikutoa hukumu, lakini iliua. Knowles anaonyesha kitu ambacho majirani wa karne ya 18 walikielewa bila kukiandika: si kila anayedai ukweli anaudai kwa ajili ya marehemu au mgonjwa. Wengine huutaka kwa sababu fumbo linawakosesha usingizi.

Green, miaka arobaini na zaidi baadaye, anaianza hadithi yake pale Knowles alipoishia. Kijana wa Florida anayeitwa Miles Halter, mpweke mwenye mazoea ya kukariri maneno ya mwisho ya watu mashuhuri, anahamia shule ya bweni ya Culver Creek huko Alabama. Mwenzake wa chumbani ni Chip Martin, anayeitwa Kanali, mtoto wa maskini mwenye akili kali na kinyongo na matajiri wa shuleni. Kupitia kwake Miles anakutana na Takumi, Lara, na Alaska Young: mcheshi, msomaji mkubwa, mlevi, mwenye hasira zisizotabirika, na mwenye siri. Alipokuwa na umri wa miaka minane, mama yake alianguka mbele yake kwa kupasuka mshipa wa damu kichwani. Mtoto aliganda kwa hofu, hakupiga simu ya kuomba msaada, na mama akafa. Tangu hapo anajihesabu muuaji.

Usiku wa Januari wanaokunywa pamoja, Alaska anaitwa kwenye simu ya bweni, anazungumza na mchumba wake aliye mbali, kisha anarudi akipiga kelele kwamba ni lazima aondoke. Hasemi aendako. Anawaomba Miles na Kanali wamzuge msimamizi wa nidhamu ili apate kutoa gari. Nao, wakiwa wamelewa na wamezoea kumtii, wanawasha fataki. Gari linatoka. Asubuhi wanafunzi wote wanakusanywa katika ukumbi wa michezo. Miles anatazama huku na huku na kuona kwamba Alaska hayupo, akataka wamsubiri kabla tangazo halijatolewa.

Mpangilio wa kitabu ni hesabu ya siku. Sura zinahesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya 136 kabla, kisha kusonga mbele hadi siku ya 136 baada. Green amewahi kueleza kwamba muundo huo ulimjia baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, alipowasikia watu wakianza kuugawa wakati kwa yaliyokuwa kabla na yaliyokuja baada. Kwa msomaji Mswahili hesabu hiyo si ngeni. Msiba una siku yake ya tatu, ya saba na ya arubaini. Mjane ana eda yake. Tofauti ni kwamba hesabu za msiba wetu zina mwisho uliokubaliwa, siku ambayo jamvi hukunjwa na waliobaki huruhusiwa kurudi sokoni. Vijana wa Culver Creek hawana desturi hiyo. Wanapelekwa maziko, jeneza limefungwa, kisha wanarejeshwa darasani. Hesabu yao inakwenda bila mtu wa kuwaambia imekwisha.

Katika nafasi hiyo tupu kila mmoja anashikwa na athari yake, na hapa ndipo usahihi wa Green ulipo. Kanali, aliyezoea kupanga mikakati, anaugeuza msiba kuwa upelelezi. Anazungumza na polisi aliyekuwa barabarani na kuambiwa kwamba gari halikukwepa wala halikupunguza mwendo. Anampigia simu mchumba. Analewa makusudi na kujipima kwa kipima ulevi, apate kujua kama mtu aliyelewa kiasi kile angeweza kuendesha bila kuona gari la polisi mbele yake. Kila jaribio linampa taarifa mpya na halimpi jibu. Hasira yake kwa Alaska ni hasira ya kamanda aliyetorokwa na askari.

Miles anashikwa na kitu kisichopendeza, na ujasiri wa kitabu ni kukiacha kionekane. Saa chache kabla ya kufa, Alaska alimbusu na kumwahidi kwamba wataendelea siku nyingine. Kwa hiyo Miles anaomboleza msichana, lakini pia anaomboleza ahadi. Anataka kujua alikwenda wapi usiku ule hasa kwa sababu anataka kujua kama alikuwa akiendea kwa mchumba, yaani kama yeye Miles alikuwa na maana yoyote. Kanali anamkemea kwa kumfanya marehemu kuwa kioo cha kujitazamia. Wakati huo Lara, ambaye kwa siku chache alikuwa mpenzi wa Miles, anaachwa bila neno kwa majuma kadhaa, kana kwamba huzuni ni mali ya wawili tu.

Upweke huo una sababu. Miles na Kanali wameficha kwamba wao ndio waliowasha fataki. Wanawatenga Lara na Takumi kwa kuogopa kuulizwa, nao waliotengwa wanadhani wametengwa kwa kuwa hawakumpenda marehemu vya kutosha. Hivyo shaka moja, ya nini kilitokea barabarani, inazaa shaka nyingine juu ya kila aliyebaki: nani alijua, nani angeweza kumzuia, nani ana haki ya kulia. Wanaofiwa kwa namna hii hufanywa washukiwa, na mara nyingi mshitaki wao wa kwanza ni wao wenyewe.

Jibu la karibu kabisa linalopatikana ni hili: Alaska alikuwa amesahau kwamba siku ile ni kumbukumbu ya kifo cha mama yake. Akiwa kwenye simu alikumbuka, akachukua maua meupe yaliyokutwa garini, na huenda alikuwa akielekea kaburini. Lakini kujua alikokuwa akielekea hakutoshi kujua kilichopita moyoni mwake alipoiona taa ya gari la polisi. Huenda hakuiona. Huenda aliiona akadhani anaweza kupita. Huenda kwa nukta moja tu, na kwa nukta hiyo peke yake, hakutaka kupita. Green, ambaye ameulizwa swali hili na wasomaji kwa miaka mingi, hajawahi kuwapa hukumu.

Mwishoni Takumi anaacha barua. Naye alimwona Alaska usiku ule, naye hakumzuia. Ukurasa huo mfupi unabadilisha hesabu yote. Miles na Kanali walidhani wanabeba peke yao mzigo ambao mwenzao wa tatu alikuwa akiubeba chumba cha jirani. Laiti wangezungumza katika siku ya tatu badala ya siku ya mia moja na ushee, kila mmoja angegundua kwamba kosa lake limegawanyika. Ndiyo kazi ambayo matanga hufanya pale yanapofanywa vyema: huwaketisha watu mahali pamoja mpaka aibu ya mmoja ikutane na aibu ya mwingine.

Kutoka kwao kunapitia darasa la dini. Mwalimu wao, mzee Hyde anayepumua kwa pafu moja, anawafundisha Ukristo, Ubudha na Uislamu bila kumtaka mwanafunzi achague, na miongoni mwa anaowataja ni Rabia al-Adawiyya, mcha Mungu wa Basra wa karne ya 8, ambaye mapokeo yanamsimulia akipita njiani na mwenge na maji, akitaka kuichoma pepo na kuuzima moto wa jahanamu ili watu wamwabudu Mungu kwa ajili Yake tu. Msomaji wa pwani, aliyelisikia jina la Rabia katika mawaidha, atashtuka kulikuta Alabama. Lakini limewekwa mahali pake. Vijana hawa wamekuwa wakiuliza kama rafiki yao yuko peponi au motoni, mkosaji au mkosewa. Rabia anaondoa malipo na adhabu katika mizani, na kinachobaki ni upendo usio na hesabu. Swali la mwisho la mtihani wa mzee Hyde linawataka waeleze, kila mmoja kwa nafsi yake, atatokaje katika mzingile wa mateso. Miles anajibu kwa msamaha: wao wamsamehe Alaska kwa kuondoka kwake, waamini kwamba naye angewasamehe kwa kumwacha aondoke.

Kihistoria, jibu hilo linamrudisha Miles katika jopo la majirani. Alianza kama mpelelezi, akitaka yakini. Anamaliza kama jirani wa karne ya 18 ambaye amesikia ushahidi wote, amejua usipofika, na ameamua kuandika maneno yatakayowawezesha walio hai kuendelea kuishi bila kusema uongo. Yakini yake ni kwamba Alaska aliishi, alicheka, aliwapenda na kuwaudhi. Shaka ya sekunde moja barabarani haiiondoi.

Lakini stara inaweza pia kuwa kifuniko, na hapa fasihi ya Kiswahili ina neno la kusema. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, hakuna shaka juu ya kifo cha msichana. Rosa, aliyelelewa kwa fimbo ya baba mlevi na kutupwa katika dunia ambayo hakufundishwa kuishi ndani yake, anakataliwa na mwanamume kwa sababu si bikira, naye anajiua. Kezilahabi hakuwapa wasomaji wake mwanya wa kusema kwamba Rosa aliteleza. Alitaka kijiji kijibu, shule ijibu, baba ajibu, hata akafikia kuwapeleka baba na binti mbele ya Mungu washitakiane. Kwa muda kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa madai ya kukosa maadili. Kisa cha Green kina mwangwi wa ajabu wa jambo hilo: mwaka 2015 Looking for Alaska iliongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopingwa zaidi nchini humo, na sababu zilizotolewa zilihusu lugha chafu na ngono. Katika nchi zote mbili watu wazima walipigana juu ya kurasa za mapenzi, na kurasa za kifo wakazipita kimya.

Kwa hiyo riwaya hizi mbili husomwa vyema zikiwekwa pamoja. Kezilahabi anaondoa shaka ili jamii isipate pa kujificha. Green anaibakiza ili marafiki wasigeuke kuwa mahakimu. Havipingani, kwa kuwa vinawalenga watu tofauti. Jamii yenye nguvu ya kubadilisha mambo haistahili stara, inastahili kuulizwa. Kijana wa miaka kumi na saba aliyewasha fataki kwa sababu rafiki yake alimwomba anastahili kuulizwa pia, lakini anastahili zaidi mtu wa kukaa naye. Kosa kubwa la misiba mingi ni kuyageuza haya mawili: jamii hujifunika kwa neno la amri ya Mungu, na watoto waliokuwa karibu na marehemu huachwa peke yao na swali.

Suala hili si la vitabuni tu kwa Waswahili walio ughaibuni. Nchini Uingereza, kifo cha ghafla cha kijana hupelekwa kwa mchunguzi wa vifo kabla ya maziko, na familia iliyozoea kuzika siku hiyohiyo hujikuta ikisubiri ruhusa. Baadaye huja kikao cha uchunguzi, na Novemba 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba ili kutamka kuwa mtu alijiua inatosha uwezekano huo uwe mkubwa kuliko kutokuwapo kwake, badala ya kipimo cha jinai cha kuondoa kila shaka ya maana. Uamuzi huo una faida yake, kwani takwimu zilizo karibu na ukweli husaidia kuokoa wengine. Lakini kwa familia, mlango uliokuwa wazi kwa karne tatu umesukumwa ukabaki na upenyo. Bado mchunguzi anaweza kuliacha jambo bila kulikata, pale ushahidi usipotosha.

Vyovyote atakavyoandika, karatasi yake haitawahusu wale watatu au wanne waliokuwa wakimtumia marehemu ujumbe hadi usiku ule. Majina yao hayamo katika tanzia. Hawapewi rambirambi, kwa kuwa si ndugu. Hukaa nyuma ya ukumbi siku ya hitima, wakisubiri sahani zitolewe, kila mmoja akiwa na ujumbe mmoja kwenye simu ambao hakuujibu kwa wakati. Riwaya ya Green imeandikwa kwa ajili yao, na barua ya Takumi ndiyo sehemu yake wanayoihitaji mapema kuliko zote. Mtu mzima mmoja akiwafuata kule nyuma, akaketi nao, akawauliza walimpendea nini marehemu kabla ya kuuliza kingine chochote, hesabu yao ya siku itakuwa imepata mahali pa kuanzia.